Mbwa Tuliyekabidhiwa

Juzi asubuhi, nikishuka ngazi za jengo letu hapa Newburg, mtaa wa Louisville, nilimkuta fundi wa majengo akitawanya chumvi kutoka kwenye ndoo ya plastiki. Louisville haina baridi ya kujisifia. Barafu ya siku moja huwashtua watu kama habari ya msiba, na kufikia adhuhuri yote imeyeyuka. Lakini ule mkwaruzo wa punje chini ya viatu, mkavu, kama mtu anayetafuna mchanga, ulinisimamisha pale pale. Mtoto wa jirani aliyekuwa akiwahi basi la shule aligeuka akaniuliza kwa Kiingereza kama ninaumwa. Nilimwambia siumwi. Nilikuwa na miaka tisa tena, niko Lackawanna, nimepiga magoti jikoni mwa mtu mwingine, na mguu wa mbwa umo mkononi mwangu.

Lackawanna iko kusini tu ya Buffalo, kando ya ziwa. Zamani ulikuwa mji wa kuyeyusha chuma. Sisi tulipofika kiwanda kilikuwa kimekwisha kufa, na mahali pake palisimama mitambo mirefu ya upepo ambayo mimi, kwa akili yangu ya siku zile, niliamini ndiyo iliyokuwa ikitupulizia baridi. Kila usiku nilimwomba Mungu aizime. Theluji ya huko haidondoki kwa haya. Unaiona kwanza imesimama juu ya ziwa kama ukuta wa kijivu, kisha ukuta unatembea, kisha huoni tena nyumba iliyo mbele yako.

Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao yenye rangi ya kijani iliyobabuka. Chini yetu aliishi Mzee Walter, mgane aliyestaafu kazi ya chuma, pamoja na mbwa wake jike, mwekundu wa kahawia, mwenye mvi puani. Mbwa huyo alikuwa na jina la Kiingereza, lakini Baba hakulitumia hata siku moja. Alipomwona mara ya kwanza aliitazama rangi yake kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa heshima, akamwita Bihogo, jina wanalopewa ng'ombe wa rangi ile kule milimani kwetu.

Mama hakuwa na heshima hiyo. Siku alipomkuta mbwa ngazini amevalishwa sweta ya sufu yenye vifungo, alirudi juu akicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Papa Esperansi, kuja uone! Ile mbwa inavala muzuri kunipita miye."

"Iache. Inasikia baridi."

"Na miye? Miye sisikie baridi? Hii koti walinipatia ku kanisa, haina hata kifungo moja!"

Esperansi ni dada yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa Columbus. Kwa desturi yetu wazazi huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Mama alikulia Uvira, mjini, na ndiyo sababu nyumbani tulizungumza Kiswahili. Alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, akiwaosha na kuwageuza kitandani, na kwake yeye mbwa alikuwa kiumbe wa uani. Mbwa haingii ndani. Mbwa hasikilizi maombi.

Baba alikuwa mtu wa milima ya juu ya Kivu Kusini, mfugaji wa ng'ombe, wake mwenyewe na wa watu. Nasema "wa watu" kwa makusudi. Kule, mtu akisafiri, au akiugua, au mama akifiwa na hana mtoto wa kumsaidia, humkabidhi mwingine ng'ombe wake. Anayekabidhiwa hawezi kukataa bila sababu, na sheria yake ni moja: ng'ombe wa mtu akiugua mikononi mwako, unakwenda kwa miguu yako mwenyewe kumwambia mwenye ng'ombe, kwa kinywa chako, kabla hajasikia kwa mwingine. Hutumi mtoto. Hungoji kwanza uone kama atapona. Baba alijulikana kwa hilo kutoka kilima kimoja hadi kingine. Buffalo alisukuma makatoni ghalani, zamu ya usiku, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anajua nini.

Basi fikirini uso wake, siku ile kabla ya Krismasi, Mzee Walter alipopanda ngazi zetu taratibu, mkono mmoja ukishika ukuta, mwingine ukiwa na kamba ya mbwa, bakuli, na karatasi. Alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Binti yake, aliyeishi mbali, upande usio na theluji, alitaka mbwa apelekwe mahali pa kutunzia mbwa wa wasafiri. Yeye hakutaka.

"Mwambie baba yako," alisema, "kwamba ninaona kila asubuhi anazoa theluji kwenye ngazi zangu kabla ya zake. Ningependa abaki naye."

Nilitafsiri. Baba alisimama. Alipokea ile kamba kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sadaka.

"Muambie Muzee aende apone. Munyama ya mutu iko kama mutoto ya mutu. Akirudia, ataikuta."

Mama, nyuma ya mlango wa jikoni, alisema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Bon. Lakini itabakia chini."

Ikawa hivyo. Bihogo alibaki kwake, katika jiko la Mzee Walter, nasi tulishuka mara tatu kwa siku. Mimi ndimi niliyesoma ile karatasi, kwa kuwa ndimi niliyejua kusoma Kiingereza nyumbani. Ilikuwa na mistari kama kumi: chakula kiasi gani, dawa ya viungo saa ngapi, asivuliwe sweta nje. Mstari mmoja ulisema kila akirudi kutoka nje apanguswe miguu kwa maji ya uvuguvugu.

"Juu ya nini?" Baba aliuliza. "Kwa nini kuosha mbwa miguu?"

Nilifikiri. Sebuleni mwa Mzee Walter palikuwa na zulia la rangi ya maziwa, safi kiasi kwamba niliogopa hata kulitazama nikiwa na viatu. Nikajibu kwa uhakika wa mtoto anayepata alama nzuri shuleni: ni kwa ajili ya zulia.

"Ah," akasema Baba. "Donc tutaipitisha mulango ya nyuma, ibakie ku jikoni. Haitakanyaga kapeti."

Nilijivunia sana suluhisho letu. Hatukumpangusa miguu hata mara moja.

Siku chache baadaye ukuta wa ziwani ulitembea. Shule zilifungwa siku tatu. Theluji ilipanda hadi kwenye kioo cha mlango wa chini, na ilipotulia, malori makubwa yalipita yakikwangua barabara na kumwaga chumvi, tani kwa tani, mpaka lami ikawa nyeupe kwa namna nyingine. Chumvi! Baba hakuweza kuzoea. Milimani chumvi ilipandishwa kutoka bondeni kwa mgongo, mwendo wa siku nzima, na ilikuwa ya ng'ombe kwanza. Ulipotaka kuwakusanya uliita mwito wake maalumu, mrefu, unaoanzia puani, nao waliacha majani wakaja kulamba kiganja chako. Ng'ombe hulamba chumvi ya mtu anayempenda, Baba aliniambia. Hapa serikali iliimwaga chini, watu wakaikanyaga.

Asubuhi ya kwanza baada ya dhoruba, Baba aliporudi kutoka kazini akiwa bado na koti lake la rangi ya chungwa, tulimtoa Bihogo. Tulikwenda mpaka kona na kurudi. Hewa ilikuwa na harufu ya chuma kilicholowa. Ndani ya pua kila unywele ulisimama peke yake. Tulipofika barazani mbwa alikaa, akainua mguu wa mbele, akaanza kulamba katikati ya vidole. Alilamba kwa bidii, bila kupumzika.

Baba aliinama. Uso wake ulifunguka.

"Unaona? Iko nalamba chumvi! Hata mbwa ya Amerika inajua chumvi."

Barazani palikuwa na ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye ngazi. Baba alivua glavu, akachota kidogo, akanyoosha kiganja. Kisha, katikati ya ukimya ule wa theluji, aliita ule mwito wa puani. Sikuwahi kuusikia tangu tuondoke, na nilikuwa mdogo mno kujua kama niliukumbuka au nilizaliwa nao. Bihogo alimtazama. Alilamba kiganja chake mara mbili, tatu, akageuza uso. Sijui kama alipenda au alikuwa na adabu tu. Ninachojua ni kwamba tangu tufike Amerika sikuwa nimemwona Baba akiwa na furaha ya namna hiyo, na ya kwamba nilicheka kwa sauti, na ya kwamba tulifanya hivyo tena kesho yake na kesho kutwa.

Jumamosi asubuhi tulimkuta amelala karibu na bakuli tupu la maji. Alikuwa ametapika mara kadhaa. Nilimjazia bakuli, akalimaliza bila kupumua. Nikamjazia tena, akalimaliza, akatapika. Miguu yake ya nyuma ilitetemeka. Nyayo zilikuwa zimepasuka, na sakafuni kila alipokanyaga palikuwa na alama ndogo nyekundu, mviringo, kama muhuri.

Baba alimshika masikio, akamfunua macho, akamgusa tumbo kama angemgusa ndama. Alimtafutia kila ugonjwa anaoujua na hakuupata. Nilikimbilia juu kumwita Mama, na Mama, ambaye tangu tukabidhiwe hakuwa amekanyaga jikoni mwa mbwa, alishuka na kanga yake mabegani. Hakumtazama mbwa usoni. Alitazama nyayo.

"Hii ngozi imeungua," alisema. "Kazini, mutu akikuwa na kiu kama hii, tunauliza amekula nini. Mulimupa nini?"

Baba alikitazama kiganja chake.

"Papa Esperansi, mulimupa nini?"

"Chumvi," akasema Baba polepole. "Chumvi ya ndoo. Kidogo tu."

"Chumvi ya njia? Ile yenye kuyeyusha mabarafu?" Mama alifunika mdomo kwa mkono. "Yesu! Ile inakula hata viatu yangu!"

Baba alimbeba Bihogo kwenye gari akiwa amemfunga katika blanketi la kitanda chake mwenyewe. Kwa mkono mwingine alichukua ile ndoo. Kwenye hospitali ya wanyama hakungoja mimi nieleze: aliiweka ndoo juu ya meza ya daktari, mbele kabisa, kama mtu anayejisalimisha na panga lake. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alisoma maandishi ya ndooni, akauliza mara ngapi, kiasi gani, na miguu ilioshwa au haikuoshwa. Nilijibu kila kitu nikitazama kalamu yake. Aliandika, aliandika, akageuza karatasi, akaandika tena. Alisema atamwekea maji ya dripu na kwamba mpaka kesho jioni hatajua kama figo zitastahimili.

Mimi sikusikia neno "figo." Nilikuwa nimeshika jambo jingine. Shuleni watoto walikuwa wamesimulia habari za mtu fulani aliyemwacha mbwa wake kwenye baridi, polisi wakaja kumchukua kwa pingu. Niliamini kwa moyo wote kwamba daktari yule anaandikia polisi. Niliamini pia kwamba mtu akichukuliwa na polisi Amerika hurudishwa alikotoka, peke yake. Nilihesabu: ikiwa mbwa atakufa, Baba atakwenda. Mbwa akipona kabla Mzee Walter hajajua, Baba atabaki. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo, na sikumwambia mtu.

Jumapili, baada ya ibada, Baba hakuvua suti.

"Unaenda wapi?" Mama aliuliza.

"Ku hôpital. Kwa Muzee."

"Leo? Mutu wamemukata juzi! Miye najua wagonjwa, weye haujue. Ngoja. Kama mbwa inapona, utamuambia inapona. Kama inakufa, Mungu atatuonyesha namna."

"Mama Esperansi, kama inapona, itakuwa habari nzuri yangu. Kama inakufa, itakuwa uongo yangu. Habari ya ng'ombe ya mutu hailale siku mbili."

"Ni mbwa!"

"Ni ya mutu," alisema Baba, akatafuta funguo za gari.

Wenzangu mliolelewa kama mimi, mkiwa ndimi za wazazi wenu, hamhitaji kuelezwa kilichotokea hospitalini. Tulikuwa wadogo, na bado barua zote zilipita machoni petu kwanza, simu zote masikioni petu. Tuliambiwa "muambie," nasi tulijua kwamba kati ya neno la mzazi na sikio la Mmarekani pana chumba kidogo ambamo sisi tu ndio tunaoishi. Mtoto hapaswi kupewa ufunguo wa chumba kama kile. Tulipewa kwa sababu hapakuwa na mwingine, na wengi wetu tulifanya humo mambo ambayo wazazi wetu hawayajui hadi leo.

Mzee Walter alikuwa ameinuliwa kwa mito, na bila kofia yake alionekana mdogo. Alifurahi. Alinyoosha mkono. Baba hakuketi, alisimama miguuni pa kitanda, kofia kifuani, akasema kwa utaratibu, akikata sentensi fupi ili nisipotee:

"Muzee. Ulinipa munyama yako. Nimeigonjwesha. Nililambisha ile chumvi ya njia, nilizani ni kama chumvi ya kwetu. Miguu sikuosha. Iko kwa munganga. Hatujue kama itaishi. Nimekuja kukuambia miye mwenyewe."

Akanitazama. Mzee Walter naye akanitazama. Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza kizuri kabisa: Baba anasema mbwa hajambo, anakula vizuri, anakusalimu.

Mzee alitabasamu, akafunga macho kwa raha.

Baba hakujua Kiingereza, lakini alizijua nyuso. Hakuna mtu duniani anayetabasamu kwa habari kama ile. Alinigeukia taratibu. Sikuona hasira machoni pake, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira.

"Umemuambia nini?"

Machozi yalikuwa yameanza.

Hakunikemea. Hakunirudishia kazi ile. Aliweka kofia yake kitandani, akapiga hatua mbili mpaka usawa wa uso wa mzee, akanyoosha kiganja cha kulia kilichokunjika kidogo kama kikombe. Akakiinamia, akaigiza mnyama anayelamba. Kisha akajigusa kifua, akasema kwa Kiingereza chake chote alichokuwa nacho:

"Chumvi. Mimi. Mbwa mgonjwa. Mimi."

Tabasamu la Mzee Walter liliondoka kidogo kidogo. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, na nikaona kwamba ameelewa yote mawili, lile la chumvi na lile la kwangu. Aligeuza uso dirishani. Nje theluji laini ilikuwa ikidondoka juu ya gari moja baada ya jingine.

"Mlimwosha miguu?" aliuliza, bila kugeuka.

Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu zulia. Nilimwambia kwamba Baba aliniuliza sababu, nami nilibuni sababu, na kwamba tulimpitisha mlango wa nyuma ili asilikanyage.

"Zulia," alisema. "Niliandika la kufanya. Sikuandika kwa nini." Kisha akanigeukia. "Sasa tafsiri sawasawa. Mwambie nimekasirika. Usimpunguzie. Nimekasirika sana. Ukimaliza, mwambie aende akakae naye, kwa sababu yule hapendi kukaa na watu asiowajua."

Nilitafsiri. Sikupunguza wala kuongeza.

"Iko na haki," alisema Baba. Alichukua kofia yake. "Twende."

Mchana ule tulikaa kwenye sakafu ya hospitali ya wanyama, mbele ya kizimba cha chuma, Baba akiwa na suti ya ibada. Bomba la dripu lilikuwa limefungwa kwenye mguu wa Bihogo kwa kitambaa cha buluu. Alilala kama kitu kilichodondoshwa. Msaidizi alitupa viti. Baba alikataa kwa mkono. Nilimwambia kuhusu polisi, kuhusu kalamu ya daktari, kuhusu hesabu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwana," alisema, "ukinificha, nitabakia hapa, lakini nitabakia nani?"

Kisha aliita. Aliita kwa sauti ya chini ili asiwasumbue watu, ule mwito wa puani, mrefu. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Halafu mkia uligonga chuma mara moja. Baba aliita tena. Ukagonga mara mbili.

Figo zilistahimili. Tulimrudisha baada ya siku tatu, na daktari, ambaye hakuwa amemwandikia polisi bali maagizo ya dawa, alinieleza kila sababu nami nikaieleza kila moja nyumbani: chumvi ile huchoma nyayo, barafu huganda katikati ya vidole na kukata, mbwa akilamba humeza. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Aliposikia kwamba nyayo zinahitaji mafuta, aliondoka bila neno, akarudi na beseni, taulo la zamani, na mkebe wa samli ambao Esperansi alikuwa ametuletea kutoka duka moja la Waafrika kule Morse Road, Columbus. Akapiga magoti. Alichukua mguu wa mbwa kama nilivyojua anavyochukua mguu wa bibi kizee kazini, akiushikilia kwa chini, usining'inie, nami nikashika mwingine nikaanza kuusugua.

"Si hivyo, weye unasugua kama sufuria. Ona. Unakausha kwanza hapa katikati ya vidole. Ngozi inaozaka hapa. Kisha mafuta, kidogo kidogo."

Bihogo alimlamba samli mkononi.

"Hiyo alambe," alisema Baba kwa upole.

"Samli yangu ya Columbus! Inavala kunipita, sasa inakula kunipita!" Lakini hakuuondoa mkono.

Jiko la chini lilikuwa na baridi nyingi kwa mgonjwa. Mama alitangaza, kwa sauti ya mtu anayeshindwa kesi, kwamba mbwa anaweza kulala juu, karibu na mlango, ila saa ya maombi atoke. Juma la kwanza alitoka. Juma la pili dhoruba ilivuma na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa. Juma la tatu, nilipofumbua jicho moja wakati wa sala, nilimwona amelala juu ya miguu ya Baba, na Mama, macho yamefumbwa, akimwombea kwa jina lake la ng'ombe.

Mzee Walter hakurudi upesi kama ilivyopangwa. Nyonga ilipona polepole. Kila Jumapili Baba alikwenda kumpa habari, nami nilitafsiri: amekula, hakula, jana alichechemea, leo alikimbia. Katika safari zile nilijifunza jambo ambalo baadaye chuoni niliwasikia walimu wangu wakilizunguka kwa maneno makubwa. Kumheshimu mtu ni kumpelekea ukweli wake ukiwa mzima, hata kama ni mzito, na kuuamini mgongo wake. Nilikuwa nimemnyima Mzee hilo. Nilikuwa nimemnyima Baba pia.

Mzee Walter alirudi mwishoni mwa majira ya baridi, akisukuma kitembezi cha chuma cha kujiegemezea, theluji ya pembeni mwa barabara ikiwa imegeuka nyeusi na kutiririkia mifereji. Baba alimngoja barazani akiwa na suti. Hakumwachia Bihogo amrukie. Alimshika kamba, akamtembeza mbele ya mwenyewe, kwenda na kurudi, mara mbili, kama anavyorudishwa ng'ombe kule kwetu, ili mwenye mali atazame kwa jicho lake. Kisha alichutama akaanza kuonyesha, kiungo kwa kiungo.

"Muambie: macho iko muzuri. Meno, moja ilikuwa mbovu tangu mbele. Uzito imeongeza kidogo, ni juu ya samli ya mama yako. Muambie mbavu."

Nilimwambia mbavu. Majirani walipita wakitutazama. Mzee Walter alisimama ameegemea chuma chake, kofia ikiwa imevutwa mpaka kwenye nyusi, akifuata kidole cha Baba kwa makini kama mtu anayesomewa hati.

Baba aliinua mguu wa mbele wa kushoto, akaugeuza. Katikati ya unyayo palikuwa na kovu la waridi, refu kama punje ya mchele.

"Na muambie hii. Hii haitaisha. Hii ni mukono yangu ilifanya."

Nilitafsiri hilo pia, neno kwa neno, nikimtazama Mzee machoni. Aliachia kitembezi kwa mkono mmoja. Ilimchukua muda kuinama. Mama, mlangoni, alipiga hatua kumsaidia, kisha akajizuia. Mzee aligusa lile kovu kwa kidole gumba, akalipapasa. Bihogo alimlamba kifundo.

"Mimi siwezi kutembea kwenye barafu mwaka huu," alisema Mzee Walter, bado ameinama. "Pengine hata mwakani. Kesho baba yako atakuja kumtoa nje?"

Niligeuka ili nitafsiri, lakini Baba alikuwa amekwisha kusimama.

"Kila siku," alijibu kwa Kiingereza.